Kigoda cha Matusi

Mwenyekiti alikuwa na kigoda cha mti kisichofika hata gotini, na mwanamke yeyote wa huku kwetu aliyetaka kusimama kiti cha uchaguzi ilibidi kwanza akalishwe pale atukanwe.

Naanza na kigoda kwa sababu hayo mengine utayapata kwa mtu yeyote pale Kaloleni, mtaa wetu wa Voi: kwamba alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, kwamba aliongoza chama chetu cha akina mama kinachokodisha sufuria, sahani na mahema ya matanga, kwamba hajawahi kuchelewa mahali. Jina lake silitaji. Hata mumewe, mzee wa reli aliyestaafu, alimwita Mwenyekiti, tena kwa sauti ya mtu anayeomba kuongezewa chai.

Mimi ni Mkamba wa kuja. Nauza nyanya na vitunguu soko la Voi, na kwa kupatana bei sijashindwa na wengi. Yeye alinishinda kwa kunyamaza. Alichukua nyanya moja, akaigeuza, akairudisha, akakaa kimya akiniangalia. Nikitaja bei, kimya. Nikiteremka kidogo, kimya. Mwisho nilikuwa najipunguzia mwenyewe kama mwendawazimu, na yeye hajafungua mdomo. Siku moja nilimwambia, "Mwenyekiti, basi nitukane tuelewane." Akasema, "Tusi unaweza kulijibu, Mama Mwende. Ukinyamaziwa unajijibu peke yako." Nilicheka. Nilidhani tunaongea habari ya nyanya.

Kuhusu wanawake na uongozi alikuwa na wazo moja tu, na hakulibadilisha kwa miaka yote niliyomjua. "Hawaogopi kazi," alisema. "Kazi wameshaizoea. Wanaogopa kutukanwa. Basi tuwatukane sisi, mapema, nyumbani, wafike huko nje wakiwa wameshamaliza."

Hilo aliliita kuosha. Mwanamke anakaa kigodani katikati ya ua, anapewa ungo wa maharagwe achague mawe. Anachambua, maharagwe yanaingia sufuriani, mawe yanatupwa chini. Sisi tunamzunguka tukimtukana. Sheria zilikuwa mbili: asiinue macho, na vidole visisimame. Akiinua macho, Mwenyekiti anasema, "Rudia." Mawe yanaokotwa, yanachanganywa upya, tunaanza tena. Jioni maharagwe yanapikwa, tunakula pamoja, waliotukana na aliyetukanwa, na mtu akiuma jiwe tunajua ni tusi gani lililomyumbisha.

Mimi, kwa kuwa si mtu wa ukoo wowote huku, nilipewa matusi ya ukoo.

"We mama, umeolewa wapi?" nilikuwa nauliza, mikono kiunoni. "Kwenu wanasema uliolewa ukaenda zako. Kwa mumeo wanasema ulikuja na sanduku. Sasa atakupigia kura nani, sanduku?"

"Na kiti chenu si kile cha mwakilishi wa akina mama?" anadakia mpika chapati wetu, mtu wa sauti nzito. "Huku kwa wadi mnatafuta nini? Mmepotea njia?"

"Mumeo anapikiwa na nani saa hizi?"

"Muulize kwanza kama ana mume."

Hayo ndiyo ya kuandikika. Mengine hapana, na nitakuambia tu kwamba waliokuwa hodari zaidi ni akina mama wa kwaya.

Wagombea wake aliwatafuta matangani. Kwenye matanga huku, wanaume wako mbele kwenye hema, pamoja na spika za kupazia sauti na wanasiasa waliokuja kumlilia mtu wasiyemjua. Wanawake wako nyuma kwenye moshi. Kila mtu anatazama mbele. Mwenyekiti alikaa juu ya kigoda chake, alichokibeba kila mahali ili asikalishwe nyasini, akawa anatazama nyuma. Alikuwa anatafuta yule ambaye, waombolezaji wakizidi na nyama isipozidi, anagawa hadi kila mtu anapata na hakuna anayegombana. Akimpata, ananigusa kiwiko. "Unamwona yule? Yule ni serikali."

Nikimwuliza kwa nini serikali haianzii kwake, kwa nini hasimami yeye, alijibu kwamba ana hasira nyingi, na kiti kinataka mtu anayeweza kusahau. Sikumwamini kabisa. Nyumbani kwake mzee alipakuliwa wa kwanza. Kabla ya kwenda mkutano alisimama mlangoni akiwa ameshavaa koti lake la kijani na leso juu yake, mkoba mkononi. "Mzee, naomba ruhusa." Mzee anasema nenda. Akifika kwenye mkutano anawaambia wanawake waache kuomba ruhusa. Nilimwonyesha jambo hilo. Akasema, "Nimeomba ruhusa nije niwaambie wasiombe. Wewe unaona shida wapi?" Na mwanaume akigusa sufuria zake za chama alimfukuza kama kuku. Aliwataka wanawake watoke jikoni, lakini jiko lenyewe hakuwa tayari kuliachia mtu.

Kabla ya Wakesho alisimamisha wawili. Wa kwanza aliambiwa na wakubwa wa chama chake cha siasa ashuke amwachie mwanaume, naye atateuliwa. Akashuka. Orodha ya walioteuliwa ilipotoka tuliisoma kutoka juu hadi chini, kisha mimi nikaisoma kutoka chini hadi juu. Wa pili alipigwa jiwe la mdomo akiwa juu ya gari, na tangu hapo anaongea ameufunika kwa kiganja. Mwenyekiti alimpeleka hospitali, akamshika mkono, akamwuguza kama dada. Halafu siku tunarudi akaniambia, "Kwa jiwe sikumwandaa." Kama mpishi aliyesahau chumvi.

Sasa Wakesho.

Wakesho aliolewa Kasigau, kule ndovu wakishuka shambani, chakula cha mwaka mzima kinaliwa kwa siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasemea watu wa vijiji vya kule kwa maofisa, habari za uzio na fidia. Siku moja alikuwa Voi kwenye mkutano wa mambo hayo. Mwanawe wa kiume, wa darasa la tano, alikuwa amebaki na baba yake kulinda mahindi. Akaumwa na nyoka. Baba akambeba kwa pikipiki kuja Voi, na ile barabara mnaijua. Hawakufika.

Tulienda kupika kwenye matanga yale. Watu walikuwa wengi mno. Saa ya chakula nilimwona Wakesho akitoka ndani alikokuwa ameketishwa na wazee wa kanisa, akaja nyuma kwenye moshi akiwa na kitambaa cha kufiwa na mtoto kichwani, akauliza, "Wale wa kutoka mlimani wamekula?" Hawakuwa wamekula. Akashika upawa akagawa mwenyewe hadi wakala, kisha akarudi ndani kulia.

Nikaguswa kiwiko.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "leo hapana."

"Sijasema kitu," akasema. Lakini alikuwa ameshaona, na macho hayawezi kurudisha kilichoonekana.

Alingoja hadi mwaka wa uchaguzi. Halafu akapanda basi la Kasigau, akalala kule siku kadhaa, na aliporudi Wakesho alikuwa amekubali kusimama wadi. Mumewe pia alikubali. Mtu mpole, hana maneno. Alisema kama itasaidia ule uzio ujengwe, sawa. Habari ya mtoto walikuwa hawajawahi kuizungumza, wao wawili. Wakesho aliniambia hilo mwenyewe, tukipanga nyanya. Waliacha sahani ya mtoto mahali pake kabatini, na kila mmoja aliipita kivyake.

Wanaume watatu walikuja kwa gari kubwa kumwomba Mwenyekiti amteremshe mtu wake. Walipewa chai.

"Mama, zamu hii si yake," akasema mkubwa wao. "Wazee wameketi. Ashuke, tutamteua."

Kimya.

"Atakuwa wa kwanza kwenye orodha."

Kimya. Mwenyekiti alikuwa anakigeuza kikombe chake kama nyanya.

"Basi na wewe mwenyewe tutakutafutia kitu. Kamati fulani."

Alipoona wamemaliza kujipunguzia, akasema, "Mama Mwende, wamwagie hawa vijana maji wanawe mikono, wanaondoka." Wala hawakuwa wamekula kitu. Nilimpenda sana siku ile, nakubali.

Siku ya kumwosha Wakesho ua ulijaa. Alikaa kigodani, akavuta ungo. Nikampa ya ukoo, mpika chapati akampa ya mume, kwaya ikampa yake. Hakuinua macho. Vidole vilikwenda tu, tik, tik, mawe yakidondoka chini. Tukaishiwa. Mtu akaanza kucheka, mwingine akaenda kuwasha jiko.

"Bado," akasema Mwenyekiti.

Akaja akasimama mbele yake. Hakuwa akitukana siku nyingine, alikuwa msimamizi tu. Akasema polepole, kwa ile sauti ya darasani: "Ulikuwa Voi unapigiwa makofi." Akanyamaza. Akaacha tuhesabu pumzi. "Mwanao alikuwa Kasigau, anakufa akikuita."

Nilitazama vidole vya Wakesho. Vilisita kama mtu anayekaribia kupiga chafya, halafu vikaendelea. Tik. Tik. Hakuinua macho.

Mwenyekiti akapiga magoti pale pale vumbini, na koti lake, akamkumbatia pamoja na ungo. "Hilo ndilo watakalolitafuta," akamwambia. "Sasa umeshalisikia kwa mtu anayekupenda. Kwenye spika halitakuwa na nguvu." Walilia wote wawili. Tulilia sote. Maharagwe yale hayakuwa na jiwe hata moja.

Nilikuwa Kasigau siku ya mkutano wa mpinzani, kwa sababu soko la kule siku hiyo lilikuwa na wanunuzi na mimi siachi watu wengi wapite bure. Wakesho alikuwa upande wa pili wa barabara akisalimia watu mmoja mmoja. Juu ya gari palikuwa na kijana mshereheshaji, mwenye sauti nzuri tu, ambaye siku nyingine ungemwajiri kwa harusi. Akamwona.

"Mama yetu yule pale!" akasema kwenye spika. "Mama, ulikuwa Voi unapigiwa makofi." Akanyamaza. Akaacha. "Mwanao alikuwa Kasigau, anakufa akikuita."

Neno kwa neno. Hata ule ukimya katikati.

Hakuna aliyecheka pale sokoni, kwa hilo nawashukuru. Na Wakesho? Alikuwa ameshika mkono wa bibi mmoja muuza ndizi. Hakuinua macho. Mkono haukusimama. Alimaliza kumsalimia yule bibi, akamwuliza habari za goti lake, akaenda kwa anayefuata. Alikuwa amefundishwa, na amefundishika. Mimi moyoni nikasema, tumeshinda.

Sikuwa nimemwona mumewe. Alikuwa nyuma ya lile gari.

Alikuja Voi siku ya pili yake, asubuhi, uani kwa Mwenyekiti. Tulikuwa tunaosha sahani. Alikataa kiti.

"Mama, sikuja kugombana," akamwambia Mwenyekiti.

"Karibu, baba."

"Yule kijana alimtaja mtoto wetu. Mimi niliketi chini. Nikamtafuta mke wangu kwa macho, nikasema, angalau tutaonana hapa hapa, tutalia mara moja iishe." Alikuwa anaizungusha kofia yake. "Alikuwa anaulizia goti la mtu. Hata hakugeuka. Mama, ni mtoto wetu, na hata hakugeuka."

Ningekuwa mimi, ningedanganya. Ningesema hakusikia, kulikuwa na kelele. Hiyo ni bei ndogo. Mwenyekiti alikuwa bado na sahani mkononi, maji yakitiririka kwenye leso.

"Ni mimi niliyemfundisha asigeuke," akasema.

Yule mwanaume alimtazama bila ubaya wowote, kama mtu aliyeonyeshwa njia.

"Basi ni wenu," akasema. "Kaeni naye."

Akavaa kofia, akaenda. Watoto wawili waliobaki alikaa nao yeye. Nguo za Wakesho zililetwa kwa basi, zimekunjwa vizuri. Wakesho hakushuka kwenye kinyang'anyiro. Alilala kwa Mwenyekiti, akapanda basi kwenda kuomba kura kijiji ambako nyumba yake ilikuwa imefungwa kwake, akarudi. Matokeo yalipobandikwa nilizihesabu kura zake mara mbili. Hazikuongezeka. Baada ya hapo alihamia Njukini kwa dada yake, akawa analima maharagwe, na mimi nikawa nanunua kwake, kwa bei asiyoipata mtu mwingine.

Nani alilipeleka lile neno kwa yule kijana? Nimejiuliza sana. Nimewahesabu tuliokuwa uani siku ile, nikarudia, na kila nikihesabu na mimi nimo. Labda kuna aliyeliuza. Labda hakuna, lilikuwa neno lililotengenezwa vizuri, na neno la namna hiyo linavuka ua lenyewe, mtu analirudia nyumbani kwa kushangaa tu, mumewe analirudia kazini. Wenzangu walitaka tukae kikao, kila mtu aapishwe. Mwenyekiti alikataa. "Mnamtafuta nani?" akasema. "Neno ni langu."

Kigoda kiliwekwa stoo chini ya mahema. Akaacha kutazama nyuma matangani. Wasichana wenye digrii wakaanza kuja, wamesikia habari zake, wanataka awaandae. Aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawaambia, "Mzee amenikataza." Mzee yuko pale pale na redio yake, anainua kichwa kwa mshangao, kisha anakiinamisha. Walikuwa wakiondoka wamevunjika moyo, na wengine nawajua hawakusimama popote. Niliona ubaya huo pia. Ile sauti iliyowahi kuwatoa watu kwenye moshi ilikuwa sasa inawarudisha, na kwa upole mwingi zaidi.

Mara ya mwisho ambayo nataka kuisema ni ya mwaka huu, joto la mchana. Nilikuwa nimempelekea gunia dogo la maharagwe ya Njukini, na aliyelibeba upande wa pili alikuwa Wakesho. Alinikuta sokoni akasema anakwenda nami. Sikumwuliza kwa nini. Gunia lilikuwa zito.

Mwenyekiti amekonda, lakini macho yake ni yale yale, anasoma gazeti bila miwani. Alimtazama Wakesho mlangoni. Miaka ilikuwa imepita hawajaonana. Hakusema karibu. Alikwenda stoo mwenyewe, tukasikia mahema yakisukumwa, akarudi na kigoda. Akakiweka katikati ya ua. Akachota maharagwe kwenye ungo, akaweka sufuria pembeni, akakaa. Yeye. Magoti yakafika karibu na kidevu. Akainamisha kichwa, vidole vikaanza.

"Haya," akasema. "Nioshe."

Wakesho alikaa kimya, na mimi niliyeujua ukimya wa Mwenyekiti nilitaka kukimbia.

"Sikuja na tusi, Mwenyekiti," akasema mwisho. "Akina mama wa Kasigau walinifuata Njukini. Wanataka nisimame tena. Nimekubali."

Tik. Tik. Vidole vinakwenda.

"Baba watoto nilimwambia mwenyewe, nikalia mbele yake hadi akachoka. Hakunirudisha. Lakini aliketi akanisikiliza."

Tik.

"Na wewe nimekuja nikuambie mwenyewe, nyumbani, usije ukalisikia nje. Ulinifundisha hivyo." Alivuta pumzi. "Usije Kasigau. Usiniletee watu, usinisemee mahali. Wasichana wakija kwangu nitawaandaa, lakini si hivi. Nitawaambia walie. Jina lako sitaki lisikike kwenye kampeni yangu hata kwa wema."

Mwenyekiti hakuinua macho. Nilimwangalia kwa makini, kama mtu aliyemwekea dau: shingo haikutikisika, vidole havikusimama hata kidogo. Kati ya wote waliowahi kukaa pale, hakuna aliyekaa vizuri hivyo.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Wakesho akangoja kidogo, akafunga leso yake, akatoka. Tulisikia hatua zake hadi barabarani. Nilitaka kusema jambo lolote, hata bei ya gunia. Nikaangalia ungo, kisha nikaangalia tena, maana mimi sitazami kitu mara moja.

Alikuwa anachagua bado, macho chini, kwa mwendo ule ule. Maharagwe yalikuwa yametapakaa vumbini pande zote za kigoda. Sufuriani mlikuwa na mawe.